Ua la Kuning'iniza Chooni

Hinotani, 28 Mei 1963

Kwa mdogo wangu Shigeno,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya ukoo wote, walio hai na waliolala makaburini, mimi Yasoji, mkuu wa nyumba hii yenye watu wawili na kuku watatu, natangaza rasmi kwamba choo chetu kimepata mlango mpya. Ni wa mbao za mwerezi, una komeo la chuma, na umezinduliwa leo asubuhi na mama yetu mwenyewe. Aliingia, akakaa kwa muda unaostahili, akatoka na kutoa hotuba yake: "Unapitisha upepo chini." Hafla ikaishia hapo.

Baada ya habari hiyo kubwa, salamu. Sisi hatujambo. Mvua za mwezi wa sita hazijaanza, ila goti langu la kushoto limeshazitabiri. Kuku mmoja hatagi tena, na mama anamtetea kwa sababu wanalingana umri. Kumayo, jirani yetu, anakusalimu na kuuliza kama ni kweli huko Hokkaido watu hula samaki hadi wananuka jasho la samaki. Nimemwambia ndiyo.

Mama ana miaka sabini na tisa na bado anakwenda chooni kwa miguu yake. Kutoka jikoni ni hatua ishirini na mbili; anazihesabu kwa sauti, na akifika hugonga mlango kwa fimbo kana kwamba kuna mtu ndani. Unajua sala yake. Wengine huomba pepo, wengine wajukuu. Yeye anaomba jambo moja tu: asije akafutwa na mtu. "Nilizaliwa nikafutwa, sikuwa na akili," anasema. "Sasa nina akili."

Kwa hiyo ameanza kunikumbusha maua. Siku zilizo na sita ndani ya mwezi wa sita, yaani tarehe sita, kumi na sita na ishirini na sita, ua la ajisai lazima lifungwe kwenye karatasi yenye jina na umri wa mwanamke na kuning'inizwa chooni kichwa chini, ili magonjwa ya chini ya mshipi yapite mbali na uzee wake usiwe mzigo wa mtu. Na liwe ajisai la mlimani. La bustani, anasema, ni la kutazamwa tu, kama mimi nilipokuwa kijana.

Tatizo ni kwamba maajisai yote ya karibu nimeyafyeka mwenyewe. Ushirika wa msitu unataka mierezi, na mierezi haitaki majirani. "Umefyeka dawa ya mama yako," aliniambia jana, "na mshahara ukalipwa." Yaliyobaki yako juu kwenye korongo la chemchemi, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye magoti mawili. Mimi nina moja na nusu.

Anauliza Obon utakuja kuwapokea wafu pamoja nasi? Huu ni mwaka wa saba hujaja. Anasema waliokufa huja kila mwaka, na wao hawana hata nauli.

Kaka yako,
Yasoji

*

Kushiro, 5 Juni 1963

Kaka Yasoji,

Nimepokea barua yako na kumsomea Umekichi habari ya mlango. Mume wangu, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, ametumia mara moja. Hongera. Ziba huo upepo.

Sisi ni wazima. Huku ukungu umeingia tangu wiki iliyopita, hata nyumba ya pili haionekani. Kiwandani samaki wamefika kwa wingi, tunajaza makopo toka asubuhi hadi mikono inakufa ganzi. Mwambie Kumayo ni kweli tunanuka, na kwamba paka wa mtaa huu wananiamkia kwa heshima.

Habari ya Obon tutaona. Usimpe mama ahadi.

Kaka, nina ombi dogo, ni la kipuuzi, usinicheke. Mwaka huu mwambie mama anining'inizie ua vizuri. Karatasi yangu aiandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siyo wewe na mwandiko wako wa kuku. Miaka yote nilikuwa nikicheka mambo hayo. Mwaka huu nimekumbuka tu.

Usimwambie kwamba nimesisitiza. Mwambie tu nimekumbuka.

Shigeno

*

Hinotani, 3 Julai 1963

Mdogo wangu Shigeno,

Salamu kutoka kwenye ubichi. Mvua zimeanza na hazioni sababu ya kuacha. Ukungu wa huku umeingia hadi kwenye chungu cha figili. Kuku yule asiyetaga ametaga, yai moja, dogo, la kejeli.

Maua yameshaning'inizwa. Mawili, la mama na lako. Lako ni zuri sana: bapa, vitumba vya buluu katikati, na petali chache ukingoni zimekaa kama wageni waliokosa nafasi mkekani. Karatasi yako ameiandika mama kwa mkono wake, kama ulivyoagiza. Sasa utulie.

Mama hajambo. Mkono unamsumbua kidogo, ndiyo maana hakuongeza mstari wake hapa chini. Anasema pia usijisumbue na safari ya Obon. Joto litakuwa kali, treni zitajaa, na chakula chenyewe ni uji wa ulezi. Mwaka kesho si mbali.

Kazi ya kufyeka imesimama kwa sababu ya mvua, kwa hiyo niko nyumbani mchana kutwa. Unaweza kufikiria furaha ya mama.

Kaka yako

*

Kushiro, 24 Julai 1963

Kaka Yasoji,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Umekichi ndiye anayepeleka barua hii posta, kwa hiyo ikichelewa mlaumu yeye. Hupita kuangalia mashua za watu.

Obon nisingeweza kuja hata hivyo. Kazi ni nyingi. Namtumia mama kifurushi cha mwani mkavu, uloweke hadi ulainike, meno yake yasipate shida.

Lakini kaka, kuna jambo linanisumbua. Miaka saba mama ananipigia kelele nije. Barua zako zote, kabla hata hujamaliza salamu, mama anauliza, mama analalamika, mama anasema wafu hawana nauli. Halafu mwaka huu ananiambia nisijisumbue, kuna joto? Mama anayejua joto ni nini, aliyekuwa akitupeleka kupanda mlima mchana wa jua la mwezi wa nane ili tusiwe wavivu?

Aandike mstari mmoja. Kama mkono unauma, achovye kidole kwenye wino akigandamize kwenye karatasi. Nitakijua kidole chake.

Shigeno

*

Hinotani, 20 Agosti 1963

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Obon imekuja na kuondoka. Tuliwasha moto wa kuwapokea wafu mlangoni, nao nadhani walipita haraka, maana chakula nilipika mimi. Mwani umefika. Mama ameula, kipande hiki hapa kama kidole gumba, akasema una ladha ya mtoto wake. Sijui alimaanisha nini. Labda unanuka kama mlivyosema.

Kuhusu kidole cha wino: alikataa. Alisema yeye si mhalifu.

Mimi siku hizi nimepata ujuzi mpya. Nimekuwa dobi. Usicheke, nimefika daraja la juu. Najua kwamba shuka ya pamba husuuzwa kwanza kwa maji baridi ya mtoni, siyo ya moto, na kwamba jua la saa nne ni bora kuliko la saa nane. Kumayo alikuja kutaka kunisaidia. Mama alimwambia kutoka chumbani, "Kumayo, mkate wako unaungua." Kumayo hajawahi kuoka mkate maishani mwake. Akaondoka.

Mama amekuwa mlaji mdogo. Ni joto tu.

Kaka yako,
Yasoji

*

Kushiro, 14 Septemba 1963

Kaka,

Naandika kwa penseli kwa sababu nimelala chali, na kalamu ya wino haiandiki ikiangalia juu. Kwa hiyo salamu ziwe fupi: mimi si mzima.

Tarehe kumi Juni nilipasuliwa. Kulikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, wakautoa pamoja na mfuko wenyewe, na katika kuutoa kibofu kikajeruhiwa. Hakishiki mkojo tena. Tangu siku hiyo sijaondoka kwenye kitanda hiki cha hospitali. Barua ya mwezi Julai niliiandika hapa hapa. Samaki nilikuwa nawasikia kwa pua tu, upepo ukivuma kutoka bandarini. Nilimwambia Umekichi akikueleza nitamwacha, naye akanijibu, "Utaniacha utembee kwenda wapi?" Hicho kikawa kicheko chake cha pili cha mwaka huu.

Sasa nakuambia kwa sababu wewe nawe unanificha. Mwanamume anayejua shuka husuuzwa kwa maji gani amefua shuka kila siku, tena kwa muda mrefu, na shuka hizo si zake. Mama yuko kitandani. Sivyo?

Basi msikilize mdogo wako. Nina miaka arobaini na saba, na mara nne kwa siku nafutwa na muuguzi, binti wa miaka ishirini na miwili anayeitwa Mineko. Siku ya kwanza nilitaka kufa. Nilijifunika uso kwa mto nikawa naomba moyo usimame. Mineko hakuniambia "usione haya." Hakunichekesha. Aligeuza uso akatazama dirishani, na mikono yake ikawa inafanya kazi yenyewe, naye anaeleza anachokiona nje. "Kunguru wawili wanagombania kichwa cha samaki. Yule mdogo amekipata. Hapana, amenyang'anywa." Akimaliza habari, amemaliza na mimi. Kila siku ni hivyo. Najua mambo yote ya uwanja huu, nani kaoa, nani kaanguka na baiskeli, na sijauona hata siku moja. Asubuhi naamka nikitaka kujua kunguru wamefikia wapi.

Msomee mama barua hii. Yote. Mwambie Shigeno alidhani atakufa kwa aibu, na hakufa.

Na wewe niandikie mambo kama yalivyokuwa. Usiyatie chumvi, usiyatie sukari.

Shigeno

*

Hinotani, 2 Oktoba 1963

Shigeno,

Telegramu umeipata, na jibu la Umekichi nimelipata, kwamba huwezi kunyanyuliwa, achilia mbali kusafirishwa. Mazishi ya mama yalikwenda salama. Telegramu yangu ilikuwa na maneno manne na yote yalikuwa ya kweli. Sasa nakuandikia yaliyobaki. Leo sina tangazo.

Tarehe sita Juni sikwenda korongoni. Mvua ilinyesha, lakini si nyingi. Nilisema goti, mama akasema, "Goti lako linajua kalenda." Tarehe kumi na moja barua yako ikafika. Uliniambia nisimwambie kwamba umesisitiza. Nikamsomea yote, neno kwa neno, kwa sababu niliona ni jambo la kuchekesha. Hakucheka. Aliniomba karatasi ile, ingawa hasomi bila miwani na miwani hakuwa nayo, akaishika tu. Kisha akasema, "Huyu mtoto hajawahi kukumbuka ua."

Tarehe kumi na sita nilitoka asubuhi nikiwa na nia ya kupanda. Naapa nilikuwa na nia. Nilifika kituo cha basi. Pale pana ajisai la bustani, lile la maua ya duara kama mpira. Nikakaa kupumzisha goti, nikalitazama, nikatoa mkasi. Nilikata mpira mmoja. Halafu, Shigeno, nilikaa pale kwenye benchi la kituo kama fundi wa saa, nikakata petali za katikati moja moja mpaka vikabaki vitumba vidogo, nikaacha duara ukingoni. Lilifanana na la mlimani. Nilijisifu. Nilikaa tena saa nzima nikivuta sigara ili nisirudi mapema mno, na nikalowesha miguu ya suruali kwenye mfereji.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akasema, "Mwaka huu yamechanua vizuri." Akalifunga kwenye karatasi, akaandika, akalining'iniza chooni mwenyewe, nyuma ya mlango mpya. Mimi nikajua limepita. Nilidhani ameandika majina yote mawili, kama anavyofanya akikosa maua. Sikuangalia.

Tarehe ishirini na sita nilikuwa nafyeka kwenye mierezi. Niliporudi kula, uji ulikuwa umefunikwa na fimbo yake haipo. Nilikwenda chooni nikagonga. Nikamwita Kumayo, naye akasema, "Si amepita hapa asubuhi? Nilimuuliza unakwenda wapi, akaniambia anakwenda kutazama kazi ya mwanawe."

Nilimkuta korongoni, chini kidogo ya chemchemi, penye yale mawe meusi tuliyokuwa tukitelezea utotoni. Alikuwa amekaa. Mguu wa kulia ulielekea upande usio wake. Mkononi alikuwa na ua, ameshalishika kichwa chini. Aliniambia, "Umechelewa. Chakula umekula?" Nilianza kulia, akasema, "Lia ukitembea."

Nilirudi mbio kuchukua kile kibebeo cha mbao tunachobebea kuni. Nilimfunga kwa kamba mgongoni, tumepeana migongo, yeye akitazama tulikotoka. Goti langu, ukitaka kujua, halikuuma hata kidogo siku hiyo. Tulipokaribia mierezi akasema taratibu, kwa sauti isiyo ya ugomvi:

"Yasoji. Ule mkasi wako unahitaji kunolewa."

Nilisimama. Nikaendelea kutembea.

Nyumbani nilitaka kukimbilia kwa daktari. "Kwanza ua," akasema. "Mguu hauendi popote." Karatasi alikuwa nayo kifuani, ameshaiandika kabla hajaondoka. Imeandikwa: Shigeno, miaka arobaini na saba. Nikalining'iniza. Ndipo nikaenda.

Daktari alisema ni nyonga, na kwa umri wake haitaunga. Mama aliniapisha nisikwambie. Nami niliapa upesi mno, kwa sababu kiapo kilinifaa. Nikikwambia ameanguka, utauliza alikwenda kufanya nini korongoni. Nikikujibu hilo, utajua alikwenda kwa ajili yako. Sasa umejua. Lakini sikiliza: wewe uliomba ua, na kuomba si kosa. Mimi ndiye niliyekuwa na mkasi.

Sasa yale ya chumbani. Siku ya kwanza nilipomsafisha alijifunika uso kwa taulo. Mimi nikatania. Unanijua, ndiyo kazi pekee niliyosomea. Nilisema, "Mama, ulinifuta mimi miaka mitatu, hili ni deni, tulia nilipe." Taulo halikutikisika. Siku ya pili nikatania tena, jambo jingine. Nilimwambia nitaomba kazi ya uyaya. Nilimtazama usoni kila mara nione kama amecheka. Nilidhani akicheka mara moja tu, tutakuwa tumevuka.

Akaanza kupunguza. Mwanzo chai, kutoka kikombe hadi nusu. Kisha mchuzi. Kisha uji, vijiko viwili. "Nimeshiba," anasema, na midomo imepasuka. Daktari aliniambia asipokunywa maji figo zitasimama, na mimi nilimwelewa mama kabla sijamwelewa daktari. Kisichoingia hakitoki. Nilimsihi. Nilipiga magoti na kikombe. Aliniambia, "Umenibeba kutoka korongoni. Inatosha, mwanangu." Kumayo alipokuja tena, alimwambia habari ya mkate.

Barua yako ya penseli ilifika tarehe kumi na tisa Septemba. Niliisomea njiani, kwenye benchi lile lile la kituo cha basi. Niliisoma mara mbili. Halafu nikaitia mfukoni, kwenye shati la kazi, na sikumsomea.

Nilijiambia hivi: amepanda korongo, amevunjika nyonga, kwa ajili ya ua hili. Nikimwambia kwamba Shigeno alishapasuliwa siku kumi na sita kabla yeye hajapanda, na kwamba kile alichokuwa anamkinga nacho ndicho kilichompata, atabaki na nini? Nilijiambia nitamsomea kesho, atakapokuwa na nguvu. Kesho yake hakuwa na nguvu. Nilijiambia ni huruma. Labda ilikuwa. Lakini nimeishi na mimi miaka hamsini na miwili, na najua nilivyo nikikaa kwenye lile benchi.

Tarehe ishirini na tatu asubuhi nilimletea chai. Alikuwa amegeukia ukutani. Nilisema, "Mama, yule kuku mwenzako leo ametaga." Kuku hakuwa ametaga. Nilikaa muda mrefu kabla sijamgusa.

Baadaye Kumayo alipokwenda kuwaita watu, nilimwosha peke yangu, na nilipokuwa namwosha nikaitoa barua yako, nikaiweka wazi juu ya mkeka, nikamsomea. Nilichelewa siku nne. Kumayo anasema asingekunywa hata hivyo, mama alikuwa mama. Watu wote wa mazishini wamesema hivyo. Mimi sijui.

Juzi nimeshusha ua lake chooni ili lichomwe, kama inavyofanywa kwa mwenyewe akifa. Lile la mkasi. Karatasi imeandikwa Towa, miaka sabini na tisa, na hakuna jina lingine. Aliliona ni bandia siku ile ile, na akalitia jina lake yeye. Kwake lilitosha. Kwako hakutaka litoshe.

Lako bado liko pale. Limekauka, rangi imekuwa kama chai. Sijui nifanye nini nalo, niambie wewe. Mlango umeanza kukwama kwa ule unyevu wa mvua, nami sijauranda.

Umesema nisitie sukari, basi la mwisho ni hili. Nilipokuwa namsomea, nilifika pale Mineko anapogeuza uso na kutazama dirishani. Nikainua macho kutoka kwenye barua. Chumba cha mama kina dirisha, unalikumbuka, linaangalia mpichi wa baba na njia ya kisimani. Siku themanini na tisa nilimsafisha karibu na dirisha lile. Nje kulikuwa na ndege, na watoto wa shule wanaopita, na Kumayo akigombana na mbuzi. Nami kila mara nilimtazama yeye usoni, nikisubiri acheke.

Yasoji